Shingo Mpya na Boksi la Biskuti

Kila asubuhi ya likizo, kabla wengine nyumbani hawajamaliza kupiga miayo, Kiroboto alikuwa ameshafungua madirisha ya karakana, ameshafagia maranda, na ameshagombana na paka aliyependa kulala ndani ya ngoma iliyotoboka. Karakana ilikuwa uani, na mwenyewe alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi wa gitaa. Wateja walimwita Fundi. Ala yoyote iliyougua ililetwa kwake, kuanzia kinanda kilichokohoa hadi zeze lililonyamaza. Na Kiroboto, binti wa miaka kumi na mitatu aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ametulia, alikuwa mfagiaji mkuu, mpanga skrubu mkuu na mfukuza paka mkuu.

Mbele ya meza ya kazi palikuwa na kiti kirefu cha mbao. Kilikuwa cha fundi wa pili, na fundi wa pili alikuwa ameshahamia mji mwingine. Tangu siku hiyo Kiroboto alikihesabu kuwa chake. Hakumwambia mtu. Mrithi wa ufalme haombi kiti. Anangoja apigiwe tarumbeta.

Badala ya tarumbeta, likizo hii akaja binamu.

Binamu huyo alikuwa mtoto wa shangazi mdogo, kijana wa miaka kumi na minne aliyefanya kila jambo polepole mno. Alipiga mswaki kama mtu anayepaka rangi nyumba ya ghorofa. Watoto wa mtaa walimtazama akivuka barabara, wakampa jina la Bwana Taratibu, na yeye akalipokea baada ya kulifikiria kidogo. Kiroboto hakuwa na neno naye, mpaka aliposikia anavyomwita Shangazi. Kwa kuwa Fundi alikuwa dada mkubwa wa mama yake, kijana alimwita Mama mkubwa. Kiroboto aliliona jambo hilo kuwa wizi wa mchana. Yeye aliyefagia miaka yote alikuwa na shangazi tu. Huyu aliyeshuka juzi na begi lake alikuwa na mama, tena mkubwa.

Wivu ni kama kokoto kiatuni. Mwenzako halioni, nawe unachechemea. Bwana Taratibu akisifiwa kwa kushika tupa vizuri, Kiroboto alichechemea. Akiulizwa kama ameshiba, Kiroboto alichechemea zaidi. Ilifika mahali akawa anamwonea wivu hata paka, kwa sababu paka naye alikuwa ameanza kulala karibu na miguu ya mgeni.

Basi bendi ya mtaani ikaleta magitaa mawili ya umeme, mapacha kabisa, mekundu kama nyanya. Yalikuwa yamewekwa stoo chini ya paa linalovuja, na shingo zake zikapinda kama mgongo wa ng'ombe mzee. Kiongozi wa bendi, aliyejulikana kwa jina la Vidole, alileta na shingo mbili mpya. Aliyahitaji magitaa Jumamosi jioni, kwani bendi ilikuwa inapiga ukumbini.

Shangazi aliwaeleza kazi ilivyo. Shingo ya gitaa la namna hii haigandishwi kwa gundi; inafungwa kwa skrubu nne zinazopita nyuma, kwenye bamba la chuma. Sehemu ya chini ya shingo inaitwa kisigino, nayo hulala ndani ya shimo la mraba lililochongwa kwenye kiwiliwili. Shimo hilo Shangazi aliliita kiota. Na sheria yake ya kiota Kiroboto aliijua kama jina lake: kiotani halali mwingine. Lisiingie vumbi, isiingie punje ya maranda wala tone la rangi. Mbao ilale juu ya mbao, la sivyo gitaa litaimba kama mlango wa choo.

Hapo ndipo Bwana Taratibu alipokohoa kidogo na kuuliza kama anaweza kuifunga shingo moja yeye mwenyewe. Shangazi alimtazama juu ya miwani, akasema, "Haya. Kaa pale."

Pale palikuwa kwenye kiti kirefu.

Kiroboto aliendelea kufagia. Alifagia sehemu moja mpaka sakafu ikaomba msamaha.

Kazi ilikwenda mwendo wa binamu, yaani mwendo wa konokono aliyekula kashiba. Aliilaza shingo kiotani, akavuta uzi mwembamba kila upande mpaka nyuzi hizo mbili zikakaa sawasawa na kingo za shingo. Alitia alama mahali pa matundu. Alichagua ncha ya keekee iliyo nyembamba kuliko skrubu, akaifunga utepe kuonyesha mwisho wa kina, asije akatokeza upande wa pili. Alitoboa, akapuliza vumbi, akapaka skrubu sabuni ili ziingie bila kupasua mbao. Shangazi alisimama nyuma yake, akinung'unika kuhusu jambo moja tu. Alisema kisigino cha shingo mpya ni chembamba kuliko cha zamani, na lile daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi huku chini, limeshashushwa hadi mwisho. Alihofia nyuzi zitakaa juu mno, vidole vitaumia. Ila akasema wataona zikishavutwa.

Kiroboto hakusikia hata nusu. Masikio yake yalikuwa yamejaa kiti.

Mara Shangazi akamwita kijana nje wasaidiane kushusha ubao kutoka kwenye mkokoteni. Gitaa likabaki mezani, shingo imelala tu kiotani, haijafungwa. Kiroboto akalitazama. Gitaa likamtazama. Kando yake palikuwa na boksi la biskuti lililokwisha, lenye picha ya mtoto anayetabasamu. Akalichana kipembe, akakikunja kikawa na ukubwa wa kucha mbili, akainua shingo na kukisukuma ndani kabisa, upande wa kiota ulio karibu na daraja, pasipoonekana na mtu. Akairudisha shingo. Kisha akafagia kwa heshima zote, kama mtumishi wa mahakama.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Sheria imevunjwa, gitaa litaharibika sauti, Bwana Taratibu atashuka kitini.

Binamu akarudi, akaligeuza gitaa, akakaza skrubu moja moja kwa zamu, akavuta nyuzi na kuziweka sauti. Shangazi akalichukua, akapiga mlio mmoja, kisha mwingine. Akaacha. Akainamisha kichwa aone nyuzi zilivyokaa juu ya shingo, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Nyuzi zilikuwa zimekaa chini, laini, zinabonyea kama siagi. Gitaa liliimba.

"Kumbe nilihofia bure," alisema. "Mwanangu, mkono wako una baraka."

Kiroboto alihisi kokoto la kiatuni limekuwa jiwe la kusagia. Alitaka kuharibu, na kile kipande chake cha boksi ndicho kilichotengeneza. Alikuwa na akili ya kutosha kuelewa hivyo mara moja: kipande kile kiliinua mwisho wa kisigino, shingo ikaegemea nyuma, nyuzi zikashuka. Baraka ilikuwa yake. Sifa ilikuwa ya mwenzake. Na hakukuwa na njia yoyote chini ya jua ya kuidai baraka hiyo bila kueleza alikuwa anafanya nini kiotani. Hakuna aliyewahi kuibiwa kwa haki kama yeye.

Usiku ule wakati wa chakula Bwana Taratibu alimpigia simu mama yake, akamsimulia kila skrubu. Sauti ya shangazi mdogo ilisikika mezani pote, akicheka na kumshukuru Mungu kwamba mwanawe aliyedhaniwa mzito amepata kazi ya mikono yake. Kijana alitabasamu akitazama sahani. Kiroboto alisema ana kizunguzungu, akaenda kulala na njaa.

Jumamosi asubuhi Shangazi aliitwa kwenda kurekebisha kinanda upande wa pili wa mji. Alimwachia Bwana Taratibu gitaa la pili, akasema kwa kuwa la kwanza halikuleta tabu, pacha wake naye hataleta. Na kazi hii ikitoka kama ile, basi kile kiti ni chake likizo zote. Alisema hayo huku anatafuta mkoba wake, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaondoka.

Binamu alifanya kila kitu kama mara ya kwanza. Uzi, alama, utepe, sabuni, skrubu. Alipovuta nyuzi, zikasimama juu ya shingo kama kamba za kuanikia nguo. Alibonyeza, akakunja uso. Alishusha daraja, lilikuwa limeshafika mwisho. Alifungua skrubu, akafuta kiota, akafunga upya. Nyuzi zikabaki kule kule juu. Akafungua tena. Jasho likamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu afike, Bwana Taratibu alianza kufanya haraka.

Kiroboto alikuwa dirishani akimfuta paka vumbi asilokuwa nalo. Moyo wake ulikuwa unapiga vigelegele. Vidole angefika alasiri, gitaa lingekuwa halichezeki, na kiti kingebaki kitupu kikimngoja mwenyewe. Hakuhitaji kufanya lolote. Kazi yake yote ilikuwa kunyamaza.

Kisha akasikia droo ikivutwa. Binamu alikuwa ameshika patasi.

Alijieleza kwa sauti ya chini, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa Kiroboto. Alisema huenda kiota hiki kimechongwa kina kidogo, shingo imekaa juu mno, kwa hiyo akichimba kidogo tu mambo yatakaa sawa. Kiroboto alijua si kweli. Shingo ikizama zaidi, nyuzi zitabaki juu zaidi. Na alijua jambo lingine ambalo Shangazi aliwaimbia kila siku: mbao ukishaitoa hairudi. Kiota kikichimbwa vibaya, gitaa la watu limekufa. Shangazi angeaibika mbele ya bendi nzima, na shangazi mdogo angepigiwa simu nyingine, isiyo na kicheko.

Alikitazama kiti. Kilikuwa kizuri kama siku zote. Bwana Taratibu aliweka ncha ya patasi kwenye mbao na kuinua nyundo.

Kiroboto aliruka, kama jina lake lilivyo, akabandika kiganja chake juu ya kiota.

"Toa mkono," binamu alisema.

"Usichimbe. La kwanza halikuwa baraka yako."

"Ni nini sasa?"

"Ni boksi la biskuti."

Akamweleza yote, haraka haraka, macho yameganda kwenye nyundo. Kipande, kiota, upande aliokiweka, na nia yake. Nia ndiyo iliyochukua muda mrefu kutoka. Binamu aliweka patasi chini. Alifikiri kwa mwendo wake wa kawaida, na Kiroboto aliona angependa zaidi kupigwa.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "mama yangu alimshukuru Mungu kwa boksi la biskuti."

Kiroboto alijaribu kutoa msaada: wachane kipande kingine, wakiweke, Vidole aje achukue magitaa yake, na Shangazi asijue lolote. Kila mtu atafurahi. Bwana Taratibu alitikisa kichwa. Alisema amechoka kusifiwa kwa kazi asiyoielewa. Jana usiku alikuwa anajiuliza mkono wake una nini, na leo amepata jibu kwamba hauna kitu. Akashuka kitini. Wakakaa wote wawili sakafuni, migongo ukutani, wakimngoja Fundi. Paka akaja kukaa katikati yao, asiwe upande wa mtu.

Shangazi alirudi akawakuta hivyo, akajua kuna msiba. Kiroboto alisimama, akasema kabla hajaulizwa. Safari hii alianza na nia, kwa kuwa aliona ndiyo nzito, na mzigo mzito hutuliwa kwanza.

Shangazi alichukua gitaa la kwanza, akalegeza nyuzi, akatoa skrubu nne na kuinua shingo. Kile kipande kikadondoka mezani. Kwa bahati, kilikuwa kimechanwa pale kwenye uso wa mtoto wa pichani, na jicho moja lenye furaha likamkodolea Kiroboto bila haya.

"Ulitaka kuharibu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukatengeneza?"

"Ndiyo, Shangazi. Kwa bahati mbaya."

Mdomo wa Shangazi ulitaka kucheka, akauzuia. Akavuta kiti kirefu, akakikalia yeye mwenyewe, akawaacha watoto wamesimama.

"Ungeharibu tu," alisema, "ningekukaripia, tukarekebisha, ikaisha. Wewe ulifanya baya zaidi. Mimi nilikuwa na hofu juu ya zile nyuzi. Hofu ya fundi ni chombo cha kazi, kama patasi. Wewe ukaniibia. Nikaondoka hapa nimetulia, nikamwachia mwenzako gitaa bila kumwambia la kufanya, nami nilikuwa najua la kufanya. Kipande cha kuinamisha shingo hata mafundi wakubwa wanaweka. Lakini wanajua wameweka nini, wapi, na kwa nini. Ile sheria ya kiota ni ya wanaoanza."

Akamgeukia binamu, akamwambia kwamba matundu yake yamekaa sawa, skrubu zake zimenyooka, na hiyo si kazi ya biskuti. Ila patasi asiiguse tena bila kuuliza. Anayekimbia kwa kuogopa aibu huikuta mbele inamngoja. Bwana Taratibu akanyoosha mgongo kidogo.

Lilibaki swali moja, lile lililomkaa Kiroboto kooni likizo nzima, na kwa kuwa alikuwa ameshaaibika vya kutosha, aliona hana cha kupoteza. Akauliza kwa nini kazi alipewa mwenzake aliyekuja juzi.

"Kwa sababu aliomba," Shangazi alisema. "Wewe hukuwahi kuniomba. Miaka yote nakuona unafagia na kukitazama hiki kiti, nikasema huyu anapenda sana kufagia."

Kiroboto alikiokota kile kipande. Mtoto wa boksi aliendelea kumtazama.

"Shangazi," alisema, "naomba nikate vipande. Vya mbao, vya kweli. Nimwekee mwenzangu."

Akapewa bapa jembamba la mbao ngumu na msasa. Shangazi alimwelekeza: boksi linabonyea na kuzeeka, mbao haibonyei, upande mmoja uwe mwembamba kama karatasi, mwingine kama kadi, kisigino kilale chote bila kuacha pengo. Kiroboto alisugua mpaka vidole vikawa vyeupe. Alipokosea, alianza upya, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaweka kipande kiotani mchana kweupe, mbele ya watu, binamu akalaza shingo juu yake, yeye akimpa skrubu zilizopakwa sabuni na mwenzake akizikaza kwa zamu. Wakafanya la kwanza, wakafanya la pili.

Vidole alifika wakati nyuzi za mwisho zinawekwa sauti. Alijaribu gitaa moja, akajaribu pacha wake, akayabadilisha tena, akatikisa kichwa kwa raha. Akauliza nani kafunga shingo.

Bwana Taratibu alimtazama Kiroboto, na Kiroboto alijua kwamba yule hatasema kwanza.

"Yeye," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Mimi nimekata vipande vya ndani."

"Hongereni," Vidole alisema, akabeba magitaa yake na kwenda zake, asijue ni vita gani imepiganwa ndani ya tumbo la nyanya zile.

Lilibaki jambo moja, na Shangazi hakulisahau. Alibonyeza simu, akampa Kiroboto. Ilibidi amweleze shangazi mdogo mwenyewe, kwa sauti yake, kilichotokea, na pia kwamba mwanawe ametoboa matundu manane yasiyo na hata moja lililopinda. Upande wa pili kikasikika kile kicheko cha jana usiku, na sauti ikisema kwamba msema kweli aliyechelewa bado amefika.

Jioni walifagia pamoja, mmoja haraka, mmoja polepole, maranda yakiruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Shangazi alikuwa anafuta bisibisi zake na kuzipanga.

"Wivu utakujia tena," alimwambia Kiroboto, bila kugeuka. "Si wewe tu, kila mtu unamjia. Ukiuficha, unatafuta pa kulala, na utalala mahali pabaya. Ukikujia, njoo nao hapa mezani uniambie, 'Shangazi, na mimi nataka.' Nitajua la kufanya nao."

Kiroboto aliegemeza ufagio. Kiti kirefu kilikuwa kitupu.

"Shangazi, na mimi nataka. Naomba nikae pale."

Shangazi alikitazama kiti, akamtazama Bwana Taratibu, akamtazama yeye, akavaa miwani ili amwone vizuri.

"Hapana," alisema. "Lakini umeomba vizuri. Kesho uombe tena."